Kitambaa cha Kufutia Namba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii neno lililonikalia kifuani ni fupi: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Luka 3:13. Zakayo tumemhubiri mpaka watoto wanaujua ule mkuyu tawi kwa tawi, lakini hawa watoza ushuru waliomfuata Yohana mtoni tunawapita haraka. Waliuliza, "Mwalimu, tufanye nini sisi?" Yohana hakuwaambia waache kazi. Aliwarudisha kulekule kwenye kazi yao, wakatoze kilichoamriwa.

Neno hili limerudi kwangu kwa sababu ya dada mmoja anayetoza ushuru wa maegesho pale Uhindini, Mbeya. Kirikuu kilikuwa kimetoka kushusha viazi, tope la barabara ya shamba limeganda mpaka kwenye namba. Dereva, ambaye ni mpendwa mwenzetu, alipomwona dada anakuja na mashine yake alishakunja uso, maneno tayari yako mdomoni. Dada akachuchumaa. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta ile namba herufi moja moja, ndipo akapiga picha. Kisha akasimama, akageuza mashine: "Shikamoo baba. Soma mwenyewe, namba ni hii? Na kuna deni la wiki iliyopita bado linasoma. Lilipe mapema, lisije likaingia faini."

Mzee alibaki na maneno yake mdomoni. Akasema tu, "Ndaga, mwanangu," yaani asante.

Anayeijua kazi ile anajua kitambaa kile kina maana gani. Herufi E ikizibwa tope kwenye mstari wake wa chini inasomeka F. Tarakimu 8 ikizibwa kushoto inasomeka 3. Mhudumu akiandika alichokiona kwa haraka, deni linamwangukia mwenye gari lingine kabisa, pengine yuko Makambako na hajakanyaga Uhindini mwaka mzima. Atakuja kushtuka siku anataka kuuza gari. Kwa hiyo yule dada, pale chini, alikuwa anamtetea mtu asiyemjua kabisa.

Na angalieni, hakufuta deni. Ushuru ulibaki palepale, shilingi kwa shilingi. Sisi tumezoea kuita wema pale tu mtu anapotupunguzia. Huyu alitoza alichoamriwa, akaongeza kitu ambacho hakuna mashine inayokidai: alimwambia mtu deni lake kabla halijazaa. Karatasi inayowekwa kwenye waipa inapeperushwa na upepo au inalowa mvua. Ujumbe wa simu nao unaweza kwenda kwa aliyekuuzia gari, kama hamjabadilisha umiliki. Bila mdomo wa mtu, deni linakaa kimya, na faini ikishaingia inaweza kuuzidi ushuru wenyewe.

Sasa niseme na sisi, maana hapa ndipo panaponiuma. Wako wapendwa, wana stika ya "Yesu ni Bwana" kwenye kioo cha nyuma, ambao tope la kwenye namba wameliacha makusudi. Wengine wanaweka mtoto kwenye siti ya mbele ili aseme "dereva yupo, anatoka sasa hivi". Wengine wanachomoa noti: "Dada, tumalizane hapahapa." Mpendwa, hakuna kinachomalizika hapo. Bili ikishatengenezwa inabaki kwenye mfumo, noti imekwenda, deni linaendelea kusoma, na yule binti umemtia katika dhambi na katika hatari ya kupoteza kazi kwa mkono wako uliopakwa mafuta Jumapili. Halafu tunakuja kwenye maombi ya kufunga tunaomba Mungu atufungulie milango! Paulo ameandika wazi, Warumi 13:7: "mtu wa ushuru, ushuru ... astahiliye heshima, heshima." Vyote viwili viko kwenye mstari mmoja. Kuna anayelipa ushuru mpaka senti ya mwisho huku akimtukana anayeudai, binti aliyesimama tangu asubuhi kwenye baridi ya Julai, vidole vimekufa ganzi juu ya vitufe. Huyo naye amelipa nusu.

Njia ya kulipa ni nyepesi kuliko ugomvi. Piga *152*00#, fuata maelekezo mpaka kwenye maegesho, ingiza namba ya gari bila kuacha nafasi, utaona kama kuna deni na utapewa namba ya malipo. Inaanza na 99 na ina tarakimu 12. Zihesabu. Ingia kwenye pesa ya simu, malipo ya serikali, iandike, na usibonyeze namba ya siri kabla ya kuhakikisha kiasi kinachotokea ndicho ulichoambiwa. Ujumbe wa risiti usiufute. Ukinunua gari la mkononi, fanya hivi kabla hujatoa hela. Bili ikiwa si yako, usimvamie mhudumu barabarani. Peleka kwenye ofisi ya maegesho picha ya namba ya gari lako pamoja na ile bili, ili picha yako na ile aliyopiga mhudumu zilinganishwe.

Wenye magari ya shamba, Jumapili hii njooni na kitambaa. Ndoo ya maji itakuwa pale mlangoni, upande wa jiko la akina mama. Namba ya mbele, na ya nyuma pia.