Nilivyooanisha puli ya krenki na dampa kwenye Datsun 240Z

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ingawa langu halijawahi kushindana na chochote isipokuwa msongamano wa Nairobi. Injini yake ni L24, yenye silinda 6 za mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Nilikuwa nimebadilisha gaskiti ya juu na kusafisha kabureta zote mbili, nikidhani kazi ya kuweka taiming, yaani kupanga wakati wa cheche kuwasha mafuta, ingeisha kwa nusu saa. Ilinichukua miezi mitatu.

Nilipomulika puli ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa taa ya taiming, inayomweka kila cheche inaporuka, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, alama ilionyesha kwamba cheche inawahi kwa zaidi ya nyuzi 30 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa kiasi hicho injini ingepaswa kugonga na kusumbua kuwaka ikiwa moto, lakini yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nilipoichelewesha cheche hadi alama ikakaa panapotakiwa, gari likawa zito kama limepakiwa saruji. Ndipo nilipoanza kuishuku alama yenyewe.

Puli hii ndiyo pia dampa, yaani kituliza mtikisiko wa krenki, na si kipande kimoja cha chuma. Katikati kuna kitovu kinachoshika krenki, nje kuna pete nzito yenye mfereji wa mkanda, na kati yao kuna utepe wa mpira ulioganda pande zote mbili. Injini ya silinda 6 za mstari haina shida ya kurukaruka, kwa sababu pistoni zake husawazishana zenyewe; ugonjwa wake ni kwamba krenki ni ndefu, na kila silinda inapowaka huisokota kidogo kisha huiachia, kama kamba inayosokotwa na kufumuka mara maelfu kwa dakika. Pete nzito hukataa kufuata mtikisiko huo, mpira hunyumbuka, na nguvu ya mtikisiko huishia kuwa joto. Kwenye L24 jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mnyororo wa taiming pamoja na gia inayozungusha pampu ya oili na distributa (kigawa cheche kwa silinda) vyote viko mbele ya krenki, yaani upande uleule unaotikisika zaidi.

Mpira wa miaka hamsini huachia, na mkanda unaoburuta pete huirudisha nyuma kidogo kidogo. Alama imechongwa kwenye pete, si kwenye kitovu. Ili kujua imehama kiasi gani, nilichukua plagi kuukuu, nikavunja kauri yake, nikaitoboa na kuitia bolti yenye ncha niliyoilainisha kwa tupa, nikaifunga kwenye silinda ya kwanza baada ya kung'oa plagi zote na waya wa betri. Nilizungusha krenki kwa mkono, polepole, hadi pistoni ikagusa bolti, nikaweka alama ya chaki kwenye puli, mbele ya kielekezi cha injini. Kisha nikaizungusha upande wa pili hadi ikagusa tena, nikaweka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo juu kabisa pa pistoni, wala hapana ubishi. Alama ya kiwandani ilikuwa imeachana napo kwa milimita 18. Mzingo wa puli niliupima kwa ukanda wa karatasi nikapata milimita 470, kwa hiyo nyuzi moja ni kama milimita 1.3, na puli yangu ilikuwa inadanganya kwa takriban nyuzi 14.

Fundi wa kuchonga vyuma niliyempelekea aliigeuza mkononi, akacheka. "Mzee, mpira huu wa nini? Nikuchongee ya chuma kitupu, hutaniona tena." Bei yake ilikuwa nzuri na kazi zake nazijua, lakini nilikataa, kwa sababu puli ya chuma kitupu ingezungusha mkanda vizuri tu huku krenki ikibaki bila cha kuituliza.

Grogan, kwenye maduka ya vipuri vya magari Nairobi, dampa nyingine sikuipata. Binamu yangu aliyeko Sharjah ndiye aliyeniletea moja iliyotoka kwenye Nissan Patrol ya zamani yenye injini ya L28, ndugu wa L24. Mpira wake ulikuwa mzima, hauna ufa, na pete haikuyumba nilipoizungusha mbele ya sindano ya kupimia. Injini hizi zina faida moja: dampa yake haibebi uzito wa kusawazisha krenki, kwa hiyo ya ndugu inaweza kuhamishwa. Mwenye Ford V8 ya inchi za ujazo 302 asijaribu hivyo kwa kukisia, kwani dampa za zamani zina uzito wa kusawazisha wa aunsi-inchi 28 na zile za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina 50, na ukizichanganya injini itatetemeka hadi meno yagongane.

Kuingia iliingia, kulingana ndiko kulikokuwa na kazi. Ilikuwa na mifereji miwili, na nilipoweka rula ya chuma kutoka puli ya pampu ya maji niliona mfereji wa nyuma umetangulia mbele kwa milimita 3. Fundi yuleyule akanichongea pete ya unene huo, nikaiweka nyuma ya puli ya pampu, na altaneta nikaisogeza kwa washa (pete nyembamba za chuma). Mkanda wa kwanza ulikuwa mwembamba na ulikaa chini ya mfereji, ukapang'arisha chini badala ya kushika kuta za pembeni, ukawa unapiga kelele kila asubuhi. Niliubadilisha kwa mpana zaidi.

Shingo ya puli pia ilikuwa imelika pale sili ya oili inapogusa, mfereji mwembamba ambao kucha inausikia. Sili mpya niliiingiza kina kidogo zaidi ili mdomo wake uguse chuma kizima, nikaupaka oili kabla ya kusukuma puli. Bolti ya puli nilikaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ndani ya kilo-mita 12 hadi 16, gari likiwa gia ya nne na msaidizi amekanyaga breki.

Alama ya Patrol haikukutana na kielekezi changu hata kidogo, jambo nililolitarajia. Nilirudisha ile plagi yenye bolti, nikatafuta upya juu kabisa pa pistoni, nikachonga alama yangu kwa tupa ya pembe tatu na kuijaza rangi nyeupe. Kisha nikachora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovuni, juu ya mpira, hadi kwenye pete. Pete ikihama, mstari utakatika. Nimeutazama kila ninapobadilisha oili, na mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi iliyopita: umefifia kwa vumbi, lakini umenyooka.