Jinsi nilivyoacha kugombana na wateja juu ya rangi ya uzi (na wala haikuwa balbu)

Mi ni fundi cherehani, nina fremu Temeke, na naandika hii kwa sababu nimechoka na watu ambao kila nikisema rangi ya uzi na ya kitambaa zinanidanganya wananijibu "weka balbu kubwa tu". Jamani, nimeweka. Nimeweka mpaka vijana wa bodaboda hapo nje wakawa wananiuliza kama leo kuna shughuli. Rangi ikaendelea kunidanganya vilevile.

Kama hujawahi kushona utaona naongelea kitu kidogo. Mteja anakuletea kitambaa damu ya mzee, unatoa uzi kwenye boksi, unaulaza juu ya kitambaa, unapotea kabisa huuoni, unashona, unapiga pasi, anakuja kuchukua anacheka mwenyewe. Siku ya sendofu wanatoka nje kupiga picha, jua la saa tisa linampiga, mishono yote ya kiunoni imegeuka ugoro. Nilipigiwa simu na shangazi wa bibi harusi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi inaendaje, yaani salamu za heshima kabisa, halafu ndo akaniuliza taratibu kama huwa nashona nikiwa nimefumba macho.

Kijana wa duka la umeme akaniuzia balbu ya LED imeandikwa 6500K, akaniambia huu ndo mwanga wa mchana mama, hapa umemaliza. Sijamaliza kitu. Ile namba ya kelvini inakwambia tu mwanga unaonekana wa njano au umeegemea bluu, haikwambii ndani yake mna rangi gani na gani. Balbu nyingi za LED ni kichipu cha bluu kilichopakwa unga wa njano, na zile za bei rahisi nyekundu iliyoiva iko kidogo mno, sasa damu ya mzee utaionea wapi? Halafu jicho la mtu lina vipokezi vya rangi vya aina 3 tu, kwa hiyo vitu viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vinaweza kuonekana pacha chini ya taa fulani, ukivitoa juani kila kimoja kinarudi kwao. Na uzi wangu ni polista, kitambaa cha mteja ni pamba, dawa zake hazijawahi hata kukutana. Nyeupe ndo usiseme, maana vitambaa vingi vyeupe vina dawa ya kung'arisha inayochukua ile mionzi ya jua isiyoonekana na kuitoa kama bluu, ndo maana shati nje linawaka na ukiliingiza ndani chini ya LED limelala.

Unachotakiwa kutafuta kwenye boksi la balbu ni Ra au CRI, namba inayokwambia balbu inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani, mwisho wake 100. Za kawaida ni 80, we tafuta 90 kwenda juu. Mi niliipata Kariakoo baada ya kuzunguka sana, bei kama mara tatu ya ile ya kawaida, na wauzaji wengi ukiwauliza Ra wanakuangalia tu.

Ila balbu ni ya usiku. Mchana Dar tuna jua la bure, nje mchana wa jua kali ni kama laksi (kipimo cha mwanga) 100,000, ofisi nzuri ya kawaida wanalenga 500 hivi, na mi nimekaa kwenye kishimo na taa imewashwa saa sita mchana! Nikaona nilete jua ndani. Hapo ndo kikaja kituko cha bati la kijani.

Fundi wa paa alisema tutoe bati moja tuweke lile la plastiki linalopitisha mwanga. Sawa, wazo zuri. Akaenda kununua mwenyewe, nikampa hela, akarudi na la kijani. Nikamwambia kaka, hili ni la kijani. Akasema mwanga ni mwanga dada, na hili limeshuka bei. Akapanda, akapiga misumari, akashuka, akalipwa, akaondoka anapiga mluzi. Asubuhi yake jua lilipotoka fremu nzima ikawa chini ya bahari. Kitenge chekundu kimekuwa cheusi. Krimu imekuwa rangi ya papai bichi. Mteja wa kwanza kuingia aliniuliza kama naumwa, wa pili akajiangalia kwenye kioo cha kujaribia nguo akaahirisha kuchukua gauni lake. Na kibaya zaidi jicho linazoea, ukikaa humo muda unaanza kuona kila kitu kiko sawa, ukitoka nje dunia nzima ina rangi ya waridi. Siku hiyo nilikataa kazi zote za rangi nikakaa napindisha mapazia meupe, meupe kwa kukumbuka tu, na lile bati nikaja kumpa jirani mwenye banda la kuku. Kuku hawajalalamika.

Kuna walionishauri chupa ya maji kwenye bati. Ile kitu ni ya kweli, ni ya Alfredo Moser, fundi makenika wa Uberaba kule Brazili, aliibuni 2002 kipindi umeme unawasumbua, chupa ya plastiki, maji na jiki kidogo yasiote ukijani, inatoa mwanga wa kama balbu ya wati 40 mpaka 60 jua likiwa zuri. Kwa chumba cha giza ni safi sana. Mi kwenye bati linalovuja masika sitoboi tundu la makusudi.

Mwisho nikaenda na dirisha, na hapa tena nikapewa ushauri wa kitabuni. Jamaa mmoja msomi akasisitiza lielekee kaskazini, eti wachoraji wa Ulaya wote ndo wanavyofanya. Ni kweli wanafanya, kwa sababu kwao jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, kaskazini halichomi moja kwa moja. Dar tuko kusini ya ikweta! Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini kwetu, ningeweka huko lingenikaanga mimi na vitambaa vya watu vikapauka. Nikaweka kusini, juu karibu na paa. Novemba mpaka Januari jua linasogea kusini ila mchana linakuwa karibu na utosini, upenuo wa bati unalizuia. Baba mwenye nyumba alikubali kwa sharti nikihama dirisha linabaki, nikamwambia mzee wangu, sijawahi kuona mtu anahama na tundu.

Ukuta nao. Fremu yangu kampuni ya simu walishaipaka bure, nje mpaka ndani, nyekundu ya kuwaka. Mwanga unagonga ukuta unaleta wekundu wote mezani. Nikapaka nyeupe isiyong'aa ndani, nje nimewaachia, ni tangazo lao. Na ukiwa unachagua uzi usivae blauzi ya machungwa, inarusha rangi kwenye kitambaa, mi nina dera langu la kijivu la kazi hiyo.

Ujanja ninaoupenda kuliko wote ni wa bure. Kadi nyeupe ya mwaliko wa harusi, toboa matundu mawili karibu karibu, laza tundu moja juu ya kitambaa na jingine juu ya uzi uliozungushwa sana (uzi mmoja mmoja unadanganya), angalia kwenye matundu tu. Kadi inaficha maua ya kitambaa yaliyo pembeni, maana hayo ndo yanayobadilisha rangi machoni. Chevreul, mkemia wa Kifaransa aliyesimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins pale Paris kuanzia 1824, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia, akazipima na za wengine akakuta ziko sawa kabisa, kumbe tatizo ni rangi zilizowekwa jirani yake. Nilivyosoma hiyo nilitamani kumtumia yule shangazi, ila kesi yangu ilikuwa ya taa sio ya jirani, nikanyamaza.

Zote kwa pamoja, dirisha, rangi, fundi (mwingine, sio yule), sijui, haikufika laki tatu, au ilipita kidogo. Siku hizi kufananisha rangi ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi basi. Ukija na kitambaa saa moja usiku nitakupokea, nitakupima, advansi nitachukua, ila uzi tutauchagua kesho.