Ati Afrika watu walikuwa wanaishi tu

Jameni hii lazima niiandike kabla hasira haijapoa. Nafanya kazi nyumba ya wazee huku Wiltshire, Uingereza, karibu sana na Stonehenge, yale mawe makubwa ya kwenye kalenda, yaliyosimamishwa na watu wa kale. Tukiwa kwa chai mwenzangu wa shifti akaniuliza, na hakuwa anatania, kama kwetu Afrika kuna kitu cha zamani namna hii ama watu walikuwa wanaishi tu. Wanaishi tu! Kengele ya chumba ikalia nikaenda kumgeuza mgonjwa, lakini maneno hayo yamenikaa kooni hadi leo.

Kwanza ajue kwamba maelezo ya Stonehenge yanayozungumzwa sana siku hizi yalianza na mtu wa upande wetu wa bahari. Anaitwa Ramilisonina, mwanaakiolojia wa Madagaska. Miaka ya 90 alikuja huku na Mwingereza anayeitwa Mike Parker Pearson, waliyekuwa wanachimba naye kule Madagaska, akaonyeshwa haya mawe na kuambiwa watu bado wanabishana yalikuwa ya nini. Kwake hapakuwa na fumbo. Kwao aliye hai anajengewa kwa mti, maana mti unaoza kama mwili unavyooza, na aliyekufa anajengewa kwa jiwe kwa sababu jiwe halina mwisho. Mwaka 1998 wakaandika pamoja wazo hilo, kwamba hapa ni mahali pa mababu. Wapo wataalamu wanaopinga hadi leo, sawa, lakini baada ya hapo Parker Pearson aliacha kuangalia mawe peke yake akaanza kuangalia nchi nzima iliyoyazunguka, na hapo ndipo mambo yalipofunguka.

Maana kilomita 3 hivi kutoka kwa mawe kuna mahali panaitwa Durrington Walls, palipokuwa na miduara ya magogo. Wakachimba wakakuta sakafu za nyumba za watu wa miaka kama 4,500 iliyopita, na mifupa ya nguruwe chungu nzima, yaani watu walikula hapo sherehe kubwa kubwa. Kutoka hapo kuna barabara ya kale inashuka mpaka mto Avon. Kutoka Stonehenge nako kuna barabara ya kale, ndefu, inashuka mto huo huo. Huku magogo na karamu, kule mawe na majivu ya watu waliochomwa na kuzikwa, na mto unaunganisha. Ukisimama tu kwenye mawe huwezi kuyaona hayo hata ukikaa siku nzima.

Na hicho ndicho kinaniuma nikiona mabasi ya watalii. Mtu mzima analipa zaidi ya pauni 20, kwa sisi wa kazi ya uangalizi hizo ni karibu masaa mawili ya kuinua watu na kubadilisha mashuka, ukituma Kitale mama anafunga soko la wiki na chenji inabaki. Anayazunguka mawe nje ya kamba, anapiga picha, anapanda basi, kwisha. Mimi nilikataa kulipa kwa muda mrefu sana, mpaka mzee mmoja ninayemhudumia, kazaliwa hapa hapa, akaniambia kwani hujui wakazi wa hapa tunaingia bure? Akanieleza kwamba mwaka 1915 mawe yaliuzwa kwa mnada Salisbury, mtu mmoja Cecil Chubb akayanunua kwa pauni 6,600, na mwaka 1918 akayatoa kwa taifa. Haki ya wenyeji kuingia bure nayo ni ya tangu enzi hizo. Akasema, na wewe sasa ni mwenyeji. Tangu nifike nchi hii hakuna mtu alikuwa ameniambia neno hilo, na aliyelisema ni mzee wa kitandani asiyeweza kufika huko tena.

Lakini hata bure, mimi sipitii getini. Naanzia Durrington Walls, navuka mashamba hadi kwenye mgongo wa kilima uliojaa makaburi ya kale, yako kama vichuguu vikubwa vyenye nyasi, na hapo unayaona mawe kwa mbali. Halafu unaishika ile barabara ya kale ya Stonehenge, unashuka kibonde, mawe yanapotea kabisa, unabaki na nyasi na kondoo na upepo, unapanda, yanaanza kuchomoza vichwa, mabega, mpaka yanakusimamia mbele. Na cha kushangaza, chini ya kipande hicho cha barabara walikuta mifereji ya asili, imechimbwa na barafu ya kale kabla ya binadamu yeyote kujenga hapo, na imelala sawasawa na mstari wa jua linapochomoza katikati ya kiangazi na kuzama katikati ya baridi. Huenda basi ardhi ndiyo iliyoanza na watu wakaifuata. Na kati ya mawe ya Stonehenge kuna jiwe lililotolewa kaskazini mashariki ya Scotland, zaidi ya kilomita 700, lililetwa kwenye uwanda huu na si kwingine.

Sasa turudi nyumbani. Wewe uliyewahi kupanda matatu ya Lodwar kwenda Kalokol, kule Turkana kaskazini mwa Kenya, umezipita nguzo za Namoratunga kando ya barabara. Ni nguzo 19 za mawe meusi zimeinama inama, na juu yake kuna vijiwe ambavyo wapita njia huwa wanaweka. Waturkana wanasema ni watu waliokuwa wanacheza ngoma wakageuzwa mawe. Huku Cornwall kuna mduara wa mawe, nao 19, na wenyeji wanasema ni wasichana waliocheza Jumapili wakageuzwa mawe. Na pale Lothagam, magharibi ya ziwa Turkana, wafugaji wa kwanza wa nchi hiyo walianza kuzika watu wao miaka kama 5,000 iliyopita, wakati ule ule mtaro wa kwanza wa Stonehenge unachimbwa. Utafiti uliotoka 2018 unakadiria watu wasiopungua 580 wamelala hapo, wanaume, wanawake, watoto, karibu wote na shanga zao, hakuna wa tabaka la juu wala la chini. Wakafunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo walizozibeba kutoka mbali kidogo. Mvua zilikuwa zinapungua, ziwa linarudi nyuma, malisho yanahama, na katikati ya mabadiliko hayo wakajiwekea mahali pasipohama. Hao ndio waliokuwa wanaishi tu?

Kwa mnaotaka kuja huku: njia ya viza ya uangalizi kutoka nje ilifungwa Julai 2025. Ajenti anayekuomba laki kadhaa leo kwa hiyo viza anakuibia, usiuze shamba la baba. Wanaokuja kwa masomo au ndoa, karibuni, nami nitawapeleka kwa ile njia ya Durrington, ila njooni na buti zinazofunika kifundo, raba zinamezwa na tope kuanzia Oktoba.

Na walimu wa Lodwar, Kalokol ni safari ya asubuhi moja. Wapelekeni watoto. Waonyesheni nguzo, halafu wageuzeni wautazame uwanda na upande lilipo ziwa, muwaambie wakati ule maji yalifika wapi.