Damu ya ukucha

Asubuhi ile, mtaani Muhumba, Bukavu, tulimweka Riziki, kasuku wa kijivu, kwenye mzani wa jikoni: gramu 430. Manyoya yamelala, anakula, anaiga mlio wa pikipiki. Miaka tisa hakuwahi kuugua. Lakini kinda wa kasuku aliyeletwa na jirani, akawekwa naye kwenye baraza moja, alikuwa amekufa siku ya sita. Chakula kilimgandia kwenye kifuko cha shingoni, kinyesi kikawa kijani, akaanguka. Unyoya hata mmoja haukuwa umemtoka. Watu wa parsela, wanaokaa ua mmoja, walikwisha kukata shauri: Riziki ndiye mwenye virusi, auawe.

Nilikata ukucha, nikadondosha damu matone matatu kwenye karatasi ya kuchujia, nikaiacha ikauke kabla ya kuitia kwenye bahasha. Ni njia ya haraka, na ndipo nilipokosea.

Bahasha hiyo nayo haivuki mpaka hivi hivi. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na damu yake inahesabiwa kama yeye mwenyewe: kibali cha kutoka Kongo, kibali cha kuingia nchi yenye laboratwari. Majibu yalipofika yalisema sirkovirusi ipo, ile inayoharibu mdomo na manyoya.

"Dokta, basi ni yeye aliyemuua mtoto?" akauliza Mama mwenye Riziki.

"Hatujafika huko, Mama. Tumwache kwanza."

PCR, kipimo walichotumia, haiulizi kama ndege anaumwa. Inatafuta kipande cha vinasaba vya virusi na kukizidisha mpaka kionekane, na ukucha ule ulikuwa umekanyaga kinyesi na vumbi la manyoya ya baraza nzima. Tena ndege mzima anaweza kuambukizwa, akabeba virusi wiki kadhaa, kisha mwili ukavimaliza bila dalili yoyote. Ndiyo maana jibu la "ipo" kwa ndege asiye na dalili hurudiwa baada ya siku 90. Kumuua kwa karatasi moja ingekuwa dhuluma.

Riziki akahamia chumba cha ndani, peke yake. Baraza tuliiosha kwa sabuni, kisha kwa maji ya javeli, dawa ya klorini. Kufagia kukavu tulikataza kabisa, kwa sababu virusi hivi husafiri na vumbi la manyoya na hukaa muda mrefu nje ya mwili. Kabla ya kuchoma kizimba cha kinda niliokota humo unyoya mchanga wenye damu kwenye shina, nikaufunga peke yake.

Siku 90 zilipopita nilimchukua kwenye mshipa wa shingo, upande wa kulia, maana kwa ndege ndio mnene. Nusu mililita ilitosha. Kwa uzito wake nisingethubutu kupita mililita nne. Damu iliingia kwenye kichupa cha EDTA, wala si cha heparini: zote mbili huzuia damu kuganda, lakini heparini huzuia na PCR kufanya kazi. Nikabadili glavu, nikang'oa manyoya mawili yanayoota kutoka kifuani. Ya sakafuni hayafai, huwezi kujua ni ya nani.

Unyoya wa kinda: ipo. Damu ya Riziki: haipo. Manyoya yake: haipo. Kinda wa kasuku wa kijivu huweza kuuawa na sirkovirusi kwa siku chache, chembe nyeupe za damu zikiisha kabla manyoya hayajaanza kuharibika. Yule hakupasuliwa achunguzwe, alizikwa siku ileile, na ini na bandama vingetuambia mengi.

"Kwa hiyo ni msafi?"

"Kwa virusi hivi, ndiyo, Mama." Bornavirusi, virusi vingine vya kasuku, ni habari nyingine: hutoka kwenye kinyesi leo, kesho hakuna, na hiyo huhitaji vipimo kadhaa kwa miezi. Hata lile jibu la kwanza, kama lilikuwa vumbi au maambukizi yaliyopita, hakuna kipimo cha kutuambia sasa.

Kwenye kadi ya Riziki niliandika majibu yote mawili, na mbele ya lile la kwanza nikaandika: ukucha.