Lenzi ya Mjomba

Mjomba alikuwa mpiga picha wa studio mjini Tanga enzi za filamu. Jioni aliyonipa lenzi yake, Nikkor (jina la lenzi za Nikon) ya milimita 50, f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga hufunguka zaidi), aliifungua kwenye kitambaa cha flana, akaipuliza vumbi, akaniwekea kiganjani. Nzito, chuma kitupu, na pete ya fokasi inazunguka laini kama imepakwa samli.

Kamera yangu ilikuwa Nikon D3200, ya bei ya wanaoanza, iliyotoka mwaka 2012. Lenzi ni ya aina ya Ai, iliyoanza kuuzwa 1977. Ziliingiana bila adapta, maana mdomo wa F, pale lenzi ya Nikon inaposhika kamera, ni ule ule tangu 1959. Ila kamera hizi za bei ya chini hazina kile kijino cha kusoma pete ya tundu la mwanga, na lenzi yenyewe haina chipu. Ukiweka otomatiki, shata, yaani pazia la kupitisha mwanga, haifyatuki. Inabaki M peke yake, ya kupanga kila kitu kwa mkono, na hata hapo kipimo cha mwanga hakifanyi kazi.

Umeme ukakatika. Bibi alikuwa barazani akisuka ukili. Akawasha chemli, akaendelea. Lenzi iliyokuja na kamera, ya milimita 18-55, ukiivuta mpaka mwisho haifunguki kupita f/5.6. Ya mjomba, kwa f/2 tu, inaingiza mwanga mara 8 zaidi.

"Mjomba, nianzie wapi?"

"Fungua mbili, shata sitini. Halafu tazama kioo. Nyinyi mna bahati, sisi tulingoja mpaka filamu isafishwe."

Nikaweka f/2 na sehemu ya sitini ya sekunde, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 1600. Kwa umbali wa mita moja, f/2 inakupa kama sentimita 3 tu za kuonekana vizuri. Kilicho mbele au nyuma yake kinafifia. Nikachagua gumba la kulia la bibi, lile linalokandamiza ukindu kila mara mchirizi wa zambarau unapopita juu ya mweupe. Kwenye kitundu cha kuchungulia, kona ya chini kushoto, kitone cha kijani huwaka fokasi inapokaa sawa, hata kwa lenzi ya zamani. Nikazungusha polepole. Kikawaka. Nikabana pumzi, nikafyatua.

Mjomba akaichukua kamera, akaikuza picha mpaka kucha ikajaa kioo.

"Gumba limekamata. Hata nyuzi za ukindu zinahesabika."

"Na uso wangu je, mjukuu wangu?" Bibi akauliza, anajitanda kanga vizuri.

Nikaizungusha pete kidogo, nikahamia machoni mwake.