Kipunje Cheupe cha Jicho la Changu

Juzi mchana tulikula changu wa nazi, na binti yangu, ambaye siku hizi hakuna kinachopita kwenye sahani yake bila kuhojiwa, akakutana na kile kipunje cheupe kilichomo ndani ya jicho la samaki. Akakigonga kwa ukucha. "Baba, hili jiwe limeingiaje humu?" Nikamwambia si jiwe, ni lenzi ya jicho, imeiva. Halafu nikanyamaza. Mara ya mwisho nilipoeleza jambo hili kwa kirefu, nilijuta.

Ilikuwa 1999, Pangani, likizo ya mwezi wa sita. Nilikuwa kidato cha tatu, kichwa kimejaa biolojia. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Daktari alishasema hakuna dawa ila upasuaji. Bibi akakataa, kwa kuwa alisikia jicho hung'olewa, likaoshwa, kisha likarudishwa mahali pake. Mimi nikaona hapo pana kazi ya msomi.

Nikachukua kichwa kimoja cha changu kabla hakijaingia chunguni, nikaketi karibu na mafiga na wembe wangu. Konea, kile kioo cha mbele, ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Wembe uliteleza mara mbili. Ulipopita, likatoka tone la maji, kisha ute mzito, na ndani ya ute ikachomoka shanga moja duara kama gololi, angavu kabisa. Nikaiweka juu ya karatasi ya gazeti iliyofungiwa sukari, herufi zilizokuwa chini yake zikavimba. Nikaishika kwa vidole viwili, nikaielekeza mlangoni. Mnazi wa uani ulikuwamo humo, mdogo kuliko punje ya mtama, umesimama kichwa chini, anga iko chini ya makuti. Mwalimu alishatuambia kwamba hata machoni mwetu picha huifikia retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ikiwa imepinduka, na ubongo ndio unaojua la kufanya nayo. Nilikuwa nimeliandika hilo daftarini na kulipatia alama. Sikuwa nimeliamini.

Nikasahau changu, nikasahau Bibi. Nilipinduapindua ua mzima: banda la kuku, kamba ya nguo, shangazi akipita na ndoo.

"Umepata nini huko, mume wangu?" Bibi akauliza.

Nikamtilia kiganjani. Akaiviringisha kwa kidole gumba. "Inateleza kama mbegu ya stafeli."

Nikamwambia ya kwake ni bapa kidogo, kama adesi. (Na ndilo jina lenyewe: kwa Kilatini lens ni adesi.) Ningeishia hapo. Lakini msomi haishii hapo. Nikaopoa jicho la changu mwingine aliyekwisha kuiva, nikatoa kipunje cheupe, kigumu, nikakiweka kando ya ile shanga kiganjani mwake. "Hiki hakipitishi mwanga. Lenzi yako inaelekea huku, Bibi. Protini zake zimegandana, kama ute wa yai ukiona moto."

Akavibonyeza vyote viwili, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mimi nimeiva."

"Kidogo."

"Na yai lililochemka, hurudi bichi?"

"Halirudi. Ndiyo maana wanaitoa, wanaweka nyingine ya plastiki."

"Plastiki! Kama kandambili?"

Jibu nililipata baadaye sana. Wakati wa vita vya pili vya dunia, daktari Mwingereza Harold Ridley aliona kwamba marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege zao hawakudhurika kama ilivyotarajiwa, jicho lilivivumilia. Mwaka 1949, London, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho la mtu. Ningekuwa na marubani wale siku ile, pengine. Nilikuwa na changu tu.

Bibi akaosha mikono. Habari ya hospitali haikutajwa tena kwa miaka miwili.

Katika miaka hiyo mjomba alikuja mara moja kutoka Mombasa, akalala siku mbili, akaondoka na boti ya alfajiri. Mwaka uliofuata tukaletewa taarifa ya msiba wake. Kilichompeleka Bibi hospitali hatimaye si sayansi. Ni jirani yake aliyerudi kutoka kufanyiwa, akakaa barazani akichagua chuya kwenye mchele bila kuuliza mtu. Sijui kama ni maneno yangu yaliyomchelewesha. Shangazi anasema Bibi hakuwa mtu wa kusikiliza watoto, nisijipe ukubwa. Huenda.

Walipombandua bandeji asubuhi ya pili, mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Akanitazama.

"Kumbe una chunusi hivi!"

Nyumbani akaomba apewe picha ya mjomba. Tuliyokuwa nayo ni ya harusi yake, ya zamani. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nayo muda mrefu.

"Safari ile aliyokuja," akauliza, "alikuwa ameshaota mvi?"

"Kidogo, Bibi. Hapa pembeni."

Akainua kanga kuyafikia macho. Nikamshika mkono, maana daktari alikataza yasifikichwe.