Muzigo wa Masese: madirisha yamekwisha

Madirisha yamekwisha, na kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika muzigo huu, yaani nyumba ndogo ya chumba kimoja na kibaraza, juu ya mwalo wa wavuvi wa Masese, Jinja, Uganda. Kuta za matofali ya kuchoma nilizikuta. Sakafu niliiinua kwa zege mwanzoni kabisa. Nani hapa amesahau mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda hadi kuvuka kiwango cha 1964 na kuingia majumbani mwa watu?

Shida ya madirisha ni sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka. Hukulia kwenye tope la chini ya ziwa, kisha mwezi unapoandama huibuka kwa pamoja, na ukiwa Masese utadhani kuna moshi juu ya maji. Hawaumi. Lakini taa ikikesha mlangoni, asubuhi unazoa rundo lao kwa ufagio, na likipata maji linanuka vibaya sana.

Mafundi wengi hukimbilia kuziba: dirisha dogo, kioo kisichofunguka. Nimekataa. Chini ya mabati, chumba kisichopitisha hewa hakikaliki. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Basi nimeweka dirisha pana upande wa ziwa, na mkabala wake matundu ya hewa karibu na kenchi, yote yana wavu. Wa dirishani tumeupigilia kwenye fremu ya mbao inayochomoka, maana sami wakijaa lazima uoshwe. Fundi aliukunja ukingo mara mbili kabla ya kugonga misumari, usifumuke.

Taa nayo nimeihamishia kwenye nguzo ya uani. Wazo ni la mama jirani, anayeanika mukene, yaani dagaa, kwenye vichanja. "Mwanangu," aliniambia, "taa yako ndiyo inawaita." Sasa kuku wake hudamkia pale chini ya nguzo wakidonoa sami, na mlango wangu ni safi. Harufu ya mukene huingia na upepo wa alasiri. Hiyo siigombi, ndiyo kazi ya mtaa huu.

Inafuata mifereji ya maji ya mvua. Makorongo hushinda juu ya bati wakivizia matumbo ya sangara kutoka mwaloni, na wanalichafua sana, kwa hiyo maji ya mwanzo ya kila mvua lazima yamwagwe kabla ya kuingia tangini. Bomba la kuyachepusha na kizibo chake nimeshanunua. Nikipata ngazi ndefu, naanzia upande wa kibaraza.